Jina la Kogo Lililokwamisha Mashine

Chebet,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kutoka hapa mezani: uko chumba cha pili unapanga nguo, unaimba, na mvua ya mawe inapiga mabati mpaka inabidi upaze sauti. Mama yako ameshuka Sotik kukutafutia sanduku lenye kufuli inayofunga kweli. Akirudi atakuambia yote ya sufuria, blanketi, wanaume, na kanisa la kwenda Jumapili, na mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu. Linanitia kinyaa, na hata sasa naliandika nikiwa nimekunja uso.

Kesho unakwenda Nairobi kufanya kazi kwa Josphat.

Wiki jana uliponiona nimekunja uso hivi hivi uliniambia, "Baba, wacha kisirani. Kazi ni kazi. Wale nimemaliza nao koleji wako huko shambani wanachuna majani." Ni kweli. Kuchuna chai si aibu, nimechuna, mama yako anachuna mpaka leo, lakini hatukukupeleka kusomea kompyuta ili urudi kubeba kikapu. Kwa hiyo nikanyamaza, na wewe ukadhani nimekubali. Kisha ukanipa salamu zake: "Anasema umtumie ile programu yako ya majina. Anataka kuuzia vyama vya maziwa kila mahali." Salamu! Nilitoka nje nikatema mate, na mama yako akaniuliza kama nimemeza nzi.

Diski iko tayari. Nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, imefungwa kwa karatasi ya plastiki isilowe. Lakini kabla hujampa, jua unachobeba.

Unakumbuka cheti chako cha darasa la nane kimeandikwa Chepet. Tulicheka, halafu tukahangaika mwaka mzima kukibadilisha. Ndivyo tulivyo sisi Wakipsigis, p na b kwetu ni mtu na ndugu yake, k na g vivyo hivyo, t na d usiseme. Na karani aliyekuwa katika chama chetu cha maziwa kabla yangu, mzee wa watu kutoka Murang'a, yeye p na b alizisikia sawasawa, lakini l na r zilimshinda, kwa hiyo kina Langat wote wakawa kina Rangat. Alituchekea, tukamchekea, maziwa yakaenda. Shida ilianza chama kiliponunua kompyuta. Karani wa kijiji anacheka na wewe kisha anakutafuta. Kompyuta haina mchezo huo. Ukiandika Kipketer na jina liko Kibgeter, inakujibu kwamba mtu huyo hayupo.

Wa kwanza kuambiwa hayupo alikuwa kogo wako, mama yangu mzazi.

Alikuwa akipeleka maziwa pale kituo cha Chepilat tangu mimi nikivaa kaptula. Siku hiyo akatua mkebe, akasema jina lake lote kama kawaida yake: Tapkigen Kobot Kipketer. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akilitamka hilo kobot, yaani mama wa, akifika kwa Kipketer anainua kidevu kana kwamba kunizaa mimi kulikuwa ushindi wa mbio. Karani akaandika. Mashine ikasema hayupo. Kogo akamwuliza, "Kama siko, haya maziwa imeletwa na nani?" Watu walicheka mpaka mkebe mmoja ukamwagika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeacha kufundisha hesabu, chama kimenipa kazi ya kuitunza ile kompyuta, na nikaona hapa ndipo pa kuonyesha nilichosomea. Nikakaa na kile kitabu cha lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, lugha ambayo leo unaijua kuliko mimi, nikatengeneza ukurasa. Mashine yenyewe ilikaa Sotik. Karani wa Chepilat au wa Silibwet anapiga simu kwa waya wake, ukurasa unafunguka kwenye kioo chake, anaandika jina, mashine ya Sotik inatafuta. Na nikaifundisha kusikia kama sisi. Ikikutana na p, ijaribu na b. Ikikutana na k, ijaribu na g. Kwa ajili ya yule mzee wa Murang'a nikaongeza l na r. Siku ya kwanza kogo alipoandikwa, ikachukua muda kidogo, halafu hiyo hapo: Tapgigen Gobot Kibgeter, mwanachama. Alipiga makofi. Akaniambia, "Sasa hii mashine imezaliwa hapa kwetu."

Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku ile, na huo ukubwa ndio ulioniziba macho.

Wewe umeshaona kosa lilipo. Kila herufi ya namna hiyo inaigawa njia mara mbili. Herufi moja, njia mbili. Ya pili, nne. Ya tatu, nane. Endelea hivyo na jina la kogo wako na utaona mashine inatembea nchi nzima kumtafuta bibi mmoja. Wanachama walipokuwa wachache ilivumilika. Walipoongezeka, jina refu lilikaa dakika, kisha robo saa, kisha nusu siku, mpaka makarani wakazoea kuandika majina nusu nusu. Na ile lugha yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake, kile chombo chake cha kulinganisha maneno kikikosa njia hii kinarudi nyuma kujaribu ile, kikikosa kinarudi tena, hakijui kuchoka wala kusema nimeshindwa. Ilikuwa na breki, ndiyo, ya kukata kazi inayochelewa. Mimi niliitoa breki hiyo kwa mikono yangu, kwa sababu ilikuwa inamkata kogo kabla hajapatikana.

Na mashine ni moja. Ikiwa inazunguka na jina moja, wengine wote wanangoja. Mtu mmoja, kwa jina moja, anafunga mlango wa kila mtu. Huko ulikosoma wanaita kunyima huduma. Hapa kwetu wanasema mashine imekataa.

Nalichukia neno hilo, Chebet. Imekataa! Gari likikosa petroli, limekataa. Simu ikikatwa na mtu, imekataa. Neno hilo limefunika uchafu mwingi katika nchi hii kuliko blanketi la hospitali.

Walioitengeneza lugha ile walitangaza ugonjwa wake, wakatoa toleo jipya lenye dawa. Nikalisoma kwenye barua za mtandao, moyo ukaruka. Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, kwa sababu breki ningeweza kuungama, programu ningeweza kuandika upya, lakini hili sina la kulifanya. Niliona haya. Sikutaka makarani wajue kwamba mashine iliyozaliwa kwetu ina kilema. Nikaenda kwa mtu mmoja peke yake, nikafunga mlango, nikamwambia yeye.

Josphat alikuwa meneja wa chama. Alinimiminia chai. Nikamweleza, na kwa kuwa hakuelewa, nikamwonyesha. Unafikiri nilitumia jina gani? Niliandika jina la mama yangu, lote, nikabonyeza. Kile kisaa kidogo kwenye kioo kikaanza, tukanywa chai ikaisha, tukamiminiwa nyingine, kisaa bado kipo. Akacheka. "Mwalimu, jina la mama yako ni kali!" Na mimi nikacheka naye, mjinga mimi. Kisha akauliza kitu. Aliuliza, "Na huko Chepilat pia wanakwama?"

Nikamwambia wote wanakwama.

"Wote," akasema. "Mpaka lini?"

"Mpaka imalize, ama mtu aje hapa aizime na kuiwasha."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayehuzunika. Nikamwomba ruhusa niweke toleo jipya. "Baada ya uchaguzi," akasema. "Usiguse mashine karibu na uchaguzi, watu watasema tumeichezea." Nikaona ana hekima. Nilimshukuru, Chebet. Nilimpa mkono.

Sikusikia alichouliza. Ukimwonyesha mtu tundu kwenye ghala, yuko atakayeuliza linazibwaje, na yuko atakayeuliza linaingiza nani. Mimi nilikuwa nasikiliza sauti ya mtu anayenimiminia chai. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, na mimi nilimwendea mchukuzi mwenyewe nikamwonyesha pakacha linavuja wapi.

Uchaguzi ulikuwa wa viongozi wa chama, na kwa watu wa Chepilat ulikuwa wa jambo moja. Maziwa yao yalikuwa yanaharibika. Lori lilichelewa kila siku, maziwa yakakaa juani, yakafika Sotik yamekatika, yakarudishwa, yakamwagwa mtaroni mbele ya macho ya wenyewe. Walitaka mtambo wa kupoza uwekwe pale pale, na walikuwa na mtu wao wa kusimama. Lori lilikuwa la shemeji yake Josphat. Mtambo ukija Chepilat, lori la kila asubuhi halina kazi, na meneja mwenyewe angefuata lori. Wote tulijua. Sheria ya chama ilisema mwanachama atapewa kadi ya kura akionekana kwenye mashine. Sotik na Silibwet walipiga asubuhi. Chepilat walipangiwa mchana, na saa kumi mlango unafungwa.

Siku hiyo asubuhi Josphat aliniita. "Mwalimu, kimbia Silibwet, waya wao una shida." Akanipa Landrova ya chama na dereva. Nikaona naheshimiwa. Tukafika Silibwet, karani wa huko akanishangaa. "Shida gani, mwalimu? Hapa iko sawa kabisa." Nikakagua waya, nikakagua tena, kumbe hakuna kitu. Dereva naye akasema gurudumu halina upepo, akatokomea sokoni kutafuta pampu. Mimi nimekaa pale na chai ya watu, na kile kioo cha Silibwet kikaganda mbele yangu. Nikajua mashine imekwama. Nikapiga simu Sotik, inalia tu. Nikamtafuta dereva mpaka kwenye mabanda ya nyama. Alikuwa anakula.

Yaliyotokea Chepilat nilielezwa na Moraa, yule karani wao, mtu wa upande wa Nyamira. Alilia akinieleza, na mpaka leo tukikutana haniangalii vizuri.

Asubuhi ile Josphat alimpigia simu. Akamwambia, "Leo wazee kwanza. Kuna yule mama mzee, mama ya mwalimu wetu. Aanze yeye. Mpatie kiti, mpatie soda. Na usimwandike nusu nusu kama mnavyoandikanga. Andika jina yote, kamili, kwa heshima."

Kwa heshima.

Angeweza kukata waya. Angeweza kumtuma mtu aandike upuuzi kwenye mashine, kkkkk na ppppp, ingekwama vile vile. Lakini hapana, kwa sababu huo ungekuwa wizi na mtu angeulizwa. Akachukua kitu ambacho sisi sote tumelelewa nacho, kwamba mzee hasimami kwenye foleni, anaitwa mbele, anapewa kiti, na akakitumia kama fundo la kamba. Nani angekataa? Watu wa Chepilat wenyewe walimpisha. Walimshika mkono wakampitisha mbele yao, wakimbariki, wakijifungia mlango kwa mikono yao.

Na kogo alifurahi! Alikuwa amevua gambuti akavaa viatu vya kanisani, na kile kitambaa cha buluu ulichomletea kutoka Eldoret. Moraa anasema alisimama, akakataa kutamka jina akiwa ameketi, akalisema kwa sauti kama anayetoa ushuhuda. Tapkigen. Kobot. Kipketer. Moraa akaandika herufi kwa herufi, akabonyeza.

Kisaa kikaanza kuzunguka.

Mwanzo walitania. "Kogo, hii jina yako ni refu kama barabara ya Kisii." Akacheka nao. Kisha kijana mmoja akasema, "Si mtoe huyo mama, muweke mwingine." Moraa akakata simu akapiga upya, lakini mashine ya Sotik ilikuwa bado inamtafuta kogo, na hakuna mwingine angeweza kuingia. Akakimbia kwenye simu ya barabarani, akampata Josphat. "Mashine imekataa," Josphat akamwambia. "Sasa mimi nifanye nini? Wangoje." Alikuwa ameketi karibu na swichi ya ile mashine kama mimi nilivyo karibu na hii meza. Aizime, aiwashe, basi. Nilimfundisha mwenyewe.

Saa kumi ilipofika alipiga yeye mwenyewe kuwaambia muda umekwisha.

Watu walipita mbele ya kogo wakitoka. Hakuna aliyemtukana, Wakipsigis hatumtukani mzee, lakini wengine walisema kwa kucheka kule kusiko na kicheko: "Ai, kogo. Jina yako imekataa." Soda hakuifungua. Aliirudisha juu ya meza ya Moraa, akasema wampe aliyekosa kura. Akatembea mpaka nyumbani na viatu vya kanisani mkononi.

Nilirudi usiku umeingia, nikaenda moja kwa moja kwa Josphat. Nikamwambia najua alichofanya. Hakupandisha hata sauti. "Mwalimu," akasema, "mashine ni yako. Jina ni la mama yako. Mimi nimeingilia wapi? Mimi nilimheshimu tu. Ama ulitaka asimame kwenye laini?" Akanisogezea kiti. Na nakuambia ukweli, kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Sijui mnaitaje hiyo huko koleji. Mimi naiita mavi, na mama yako asione nimeandika hivyo.

Mkutano mkuu ulipofika nilisimama. Nilichukua chaki, nikaandika jina la kogo ubaoni, nikaanza kuwaonyesha njia mbili, nne, nane, kumi na sita. Nilifundisha miaka mingi, najua watoto wakikupotea nyuso zinakuwaje. Mzee mmoja, mtu mwema, akaniambia, "Mwalimu, keti. Mashine ikikataa imekataa. Hata ng'ombe hukataa kukamuliwa." Wakacheka, Josphat akacheka nao, na mimi nikaketi. Niliketi, Chebet! Chaki iko mkononi. Ningesema tu, wekeni kando hesabu: nani alipiga simu asubuhi, aliniondoa nani Sotik, nani alikaa kando ya swichi? Hayo hata mtoto angeyaelewa. Lakini nilitaka waelewe mashine kwanza, wajue halikuwa kosa la kijinga. Nilikuwa bado naitetea programu yangu wakati mama yangu ndiye aliyehitaji wakili.

Mtu wa Chepilat alishindwa, na maziwa yao bado yanamwagwa. Nenda ukanuse mtaro. Josphat alikaa kidogo, kisha akaenda Nairobi akafungua kampuni ya kompyuta, mtu asiyejua kuiwasha mpaka asome karatasi. Sasa anazunguka akiwatisha watu na huyu mdudu wa mwaka elfu mbili, kwamba Januari ikiingia kila mashine itakufa, na dawa anayo yeye. Ptuu! Tarehe haijawahi kumfungia mtu mlango.

Krismasi ile ulirudi ukamkuta kogo amepoa. Ukaniuliza, "Anaumwa?" Nikakuambia ni uzee. Haikuwa uzee. Nilimpeleka zahanati baada ya mkutano ule, kifua kinamuuma, na nesi akamwuliza jina. Pale mezani kulikuwa na kompyuta, imefunikwa kitambaa, haijawashwa hata. Kogo akaitazama. Akasema, "Tapkigen." Nesi akauliza, "Tapkigen nani?" Akasema, "Tapkigen tu. Inatosha." Mimi nimesimama pale kando yake na mwavuli. Tangu siku hiyo hasemi zaidi ya hapo, kanisani, dukani, kwa chifu, popote. Amekata jina lake katikati ili asiharibu vitu vya watu, na kipande alichokata ni mimi.

Ndiyo sababu sikuangalii ukitaja jina la huyo bwana.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza ungeenda, na ungeenda gizani, afadhali uende ukiwa unajua. Nairobi yote si Josphat, na pengine kwake utajifunza kitu kisha utoke. Ila siku moja utaona tundu, maana una macho mazuri kuliko yangu. Usilipeleke chumbani kwa mtu mmoja. Liseme mbele ya watu, mlango uko wazi, hata kama tundu lenyewe umelitoboa wewe na uso unawaka. Aibu ya mchana inapita, mwanangu. Ile niliyoificha mimi bado tunaishi nayo nyumba moja, inakula nasi.

Sasa diski. Programu nimeiandika upya. Ilikuwa rahisi hata inaniudhi: badala ya kujaribu kila njia, mashine inachukua kila jina na kuzifanya p na b kuwa kitu kimoja, k na g kitu kimoja, kabla ya kutafuta, kisha inalinganisha mara moja basi. Haikuhitaji kuzunguka nchi nzima. Ilihitaji tu kukubali kwamba hao ni ndugu. Na breki nimeirudisha.

Lakini nimeongeza mstari mmoja juu kabisa, na huo Josphat atauona, au atakuita wewe umsomee. Kila programu inapowashwa, kabla haijamhudumia mtu yeyote, inatafuta kwanza jina moja nililoliweka ndani yake: Tapkigen Kobot Kipketer. Ikilipata upesi, inafungua mlango. Ikikwama, haifungui, na inaandika kwenye kioo kwa herufi kubwa kwamba programu imeharibiwa na mtu, si kwamba imekataa. Aiuze Nyeri, aiuze Kinangop, aiuze Meru. Kila asubuhi, katika kila chama, kogo wako ndiye atakayeanza. Si alisema wazee kwanza?

Atakuambia mstari huo hauna kazi. Atakuambia uufute, na atakuambia kwa upole, huku akikumiminia chai. Sitakuuliza ulimjibu nini.

Mvua imekatika, nasikia mama yako anagombana na mbwa langoni. Namaliza. Kesho asubuhi kogo atakuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akubariki kabla hujaondoka. Basi la Nairobi litapiga honi, mama yako atakuwa anapiga kelele, na kila mtu atakuharakisha. Wewe mshike mikono, umwulize jina lake. Atakuambia Tapkigen. Usimwachilie. Mwambie unangoja, hata basi likienda. Mwache alimalize.

Baba yako,
Kipketer